Ndege Mbuai Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Kukutana na Mwewe, Kozi na Bundi Karibu na Nyumba

Mwewe akikupita utosini kwa kasi, mkono hutangulia akili. Mtu huokota jiwe, hupiga mayowe au hutimua mbio, na mara nyingi hakuna kinachosaidia kati ya hivyo vitatu. Ndege mbuai, yaani mwewe, vipanga, kozi, tai na bundi, hawana tabia ya kumwandama binadamu. Mmoja wao akikukaribia, basi ana makinda jirani, amefuata chakula, au amepatwa na ajali. Ni muhimu kuijua sababu kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa linalofaa hapa huharibu pale. Kelele zinazomtimua mwizi wa vifaranga humzidishia ukali mzazi anayelinda kiota, na huruma inayomwokoa ndege aliyegonga kioo humtenganisha kinda mzima na wazazi wake.

Tazama kwanza

Simama dirishani au chini ya paa umwangalie kwa dakika kumi hivi bila kumsogelea. Akirudi kila mara kwenye mti uleule, akawa analia watu wakipita na kunyamaza wakishaondoka, hapo kuna kiota. Akizunguka juu ya banda la kuku au pipa la taka, ana njaa. Akiwa chini na haruki hata ukimkaribia, huenda ameumia.

Nasema huenda, kwa sababu ndege aliyekamata windo huwadanganya wengi. Hutua chini, akatandaza mabawa na mkia, akainamisha kichwa, na ukimwona kwa mbali utaapa kwamba amevunjika. Kumbe anauficha mlo wake usionekane na ndege wengine. Angalia miguuni pake: ukiona manyoya au mkia wa panya umechomoza, rudi nyuma umwache ale. Atamaliza na kwenda zake.

Wazazi wengi huogopa mtoto kunyakuliwa. Mwewe wa kawaida wa mijini ni nadra kufikisha kilo moja, na hata tai wakubwa kabisa duniani hawazidi kilo kumi hivi. Kwa kawaida ndege haruki na mzigo unaomzidi uzito wake. Hatari ya kweli kwa mtoto ni mikwaruzo ya kichwani na machoni, na hiyo inazuilika.

Akikushukia unapopita

Huyu ni mzazi. Ndege wa ukubwa wa wastani huatamia kwa takriban mwezi mmoja, na makinda hukaa kiotani mwezi mwingine au zaidi. Ukali hupanda makinda yanapokaribia kuruka, kisha huisha. Kwa hiyo una kazi ya kuvumilia wiki kadhaa, si mwaka mzima.

1. Usikimbie. Ndege hawa hupenda kushambulia kutokea nyuma. Geuka umtazame, kisha uondoke ukiendelea kumtazama. Wengi huahirisha shambulio wanapoona uso na macho yamewaelekea.

2. Linda kichwa na macho. Mwavuli uliofunguliwa ndio kinga bora kuliko zote. Ukiukosa, vaa kofia ngumu au inua mkoba juu ya kichwa. Fimbo iliyosimamishwa wima juu ya kichwa husaidia pia, maana ndege hulenga sehemu iliyo juu zaidi. Ishike tu, usimpige nayo. Ukimpiga unamthibitishia kwamba wewe ni adui.

3. Jua mpaka wake. Angalia anaanza kukufuata wapi na anakuacha wapi. Kwa kawaida ni makumi ya mita kutoka kiotani. Ukishaujua mpaka huo, pita upande mwingine hadi makinda yaruke.

4. Waambie wengine. Bandika tangazo mahali penye kuonekana, uwaeleze majirani na watoto. Mwenye baiskeli ashuke aikokote, kwa sababu mwendo wa kasi humchokoza ndege.

Kama kiota kiko juu ya mlango wenyewe na huna njia nyingine, weka mwavuli pale mlangoni na kila mtu autumie. Usikate mti wala kuangusha kiota chenye mayai au makinda. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai, na mimi naliona ni ukatili hata pale ambapo sheria imenyamaza. Mambo ya kupogoa matawi yasubiri kiota kiwe kitupu.

Kwa bundi, ongeza tahadhari. Kingo za manyoya ya mbele ya mabawa yake zina meno laini kama ya kitana, ndiyo maana huruka bila kishindo. Hutasikia chochote mpaka amekufikia. Eric Hosking, mpiga picha maarufu wa ndege wa Uingereza, alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1937 aliposhambuliwa na bundi karibu na kiota usiku. Hakuwa mgeni wa ndege hata kidogo. Ukijua kuna makinda ya bundi mtini, usipande mti huo bila kukinga uso mzima, na bora usipande kabisa.

Akikupokonya chakula

Mwewe ni hodari wa kunyakua chakula mkononi, na anayekwaruzwa kidole hakulengwa yeye, kililengwa kipande cha nyama. Kula chini ya paa au mti wenye matawi mengi, funika vyakula, na usimwache mtoto atembee uwanjani na chakula mkononi. Funga mapipa ya taka na ufukie matumbo ya samaki.

Zaidi ya yote, usimlishe. Uingereza ilianza kuwarudisha mwewe wekundu mwaka 1989 baada ya kuwaangamiza karibu nchi nzima, na mafanikio yakawa makubwa. Lakini pale watu walipozoea kuwatupia nyama bustanini, ndege walizoea pia, na watu wakaanza kupokonywa vyakula. Tena minofu mitupu huwadhuru makinda. Kinda anahitaji kalsiamu ya mifupa ya windo zima. Akilelewa kwa minofu, mifupa yake hupinda.

Kuku, sungura na mbwa wadogo

Kwanza hakikisha mwizi ni nani, maana mwewe husingiziwa mengi. Ndege mbuai hunyonyoa windo lake, kwa hiyo utakuta lundo la manyoya mazima mahali pamoja, na nyama imedonolewa kuanzia kidarini. Mnyama wa miguu minne huacha manyoya yaliyotafunwa na kukatika kwenye shina, tena huburuta. Ukipoteza kuku wengi kwa usiku mmoja, tafuta tundu kwenye ukuta wa banda kabla ya kutazama angani.

Ikiwa kweli ni ndege, hapa ndipo kelele, makofi na hata maji ya bomba yanapofaa. Lakini hayo ni ya kumfukuza leo tu. Baada ya windo la kwanza kufanikiwa atarudi, kwa hiyo wafungie kuku ndani ya banda kwa siku kadhaa mfululizo, asikute kitu. Vifaranga wasitoke kabisa nje ya uzio uliofunikwa juu hadi wakue. Wavu wa kufunikia uwe umevutwa ukakaza, wenye matundu madogo; wavu unaolegea humnasa ndege na kumvunja bawa. Kwa kuku wakubwa wanaozurura, panda vichaka au weka vibanda vifupi hapa na pale, wafike penye kivuli kwa hatua chache wanaposikia jogoo akitoa onyo.

Vitu vinavyometameta na sanamu za kutishia hufanya kazi kwa muda mfupi. Vihamishe kila baada ya siku mbili tatu, la sivyo ndege atatua juu yake. Kumuua ndege mwenyewe hakukufikishi mbali, maana eneo lenye chakula likibaki wazi huja mwingine, na tatizo lako la wavu linabaki palepale.

Sungura wasiachwe uwanjani bila kifuniko. Mbwa wadogo sana na paka wachanga wana hatari palipo na tai au bundi wakubwa. Toka nao, hasa magharibi na alfajiri.

Akiingia ndani

Ndege mwenye hofu huruka juu na hufuata mwanga. Funga milango ya vyumba vingine, zima taa na feni, shusha mapazia yote isipokuwa ya dirisha moja ulilolifungua wazi kabisa, kisha toka. Mpe saa nzima bila kuchungulia. Kwenye banda la kuku hugonga paa tu kwa kuwa haoni mlango ulio chini. Funika sehemu ya juu ya wavu kwa shuka au turubai, pawe giza juu na mwanga mlangoni, naye atashuka.

Kinda aliye chini

Hapa ndipo wema unapoua wengi. Makinda ya bundi wa aina nyingi hutoka kiotani kabla hayajaweza kuruka. Hutembea matawini, huanguka, na huweza kupanda tena shina kwa kucha na mdomo. Ukimkuta mmoja amesimama chini, macho yamefunguka, anakutazama na kugonganisha mdomo, huyo yuko shuleni. Wazazi wanajua alipo.

Kama kuna mbwa au paka, mwinue kwa kitambaa umweke juu ya tawi la karibu. Ni dhana tu kwamba mzazi atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Hamwachi kinda wake kwa sababu hiyo. Kisha kaa mbali utazame. Wazazi wa kipanga watakuja mchana, wa bundi baada ya giza kuingia, na hawatakuja ukiwa umesimama pale na simu ukipiga picha.

Kinda mwenye vinyoya laini tu asiyeweza kusimama ni suala lingine. Mrudishe kiotani kama panafikika kwa usalama. Kiota kikiwa kimevunjika, toboa matundu ya maji chini ya kikapu imara, weka vijiti ndani, ukifunge kwenye mti uleule kwa urefu unaoweza kuufikia, umweke humo. Mwite mtaalamu ukiona damu, bawa linaloning'inia, mayai ya nzi kwenye manyoya, kinda aliyepoa mwili, au ukijua wazazi wamekufa.

Usimchukue kumlea. Kinda anayelishwa na binadamu humjua binadamu kuwa ndiye jamaa yake. Akikua hajui kuwinda, hatafuti mwenza wa aina yake, na huwashukia wapita njia akidai chakula. Mara nyingi hawezi kuachiliwa tena maisha yake yote. Sheria nayo ipo: mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unawagusa karibu ndege mbuai wote, na nchi nyingi zinakataza kuwafuga bila kibali.

Ndege aliyejeruhiwa

Piga simu kabla ya kugusa. Tafuta mamlaka ya wanyamapori, kituo cha uokoaji au daktari wa wanyama, ueleze ulichokiona. Kuna hali mbili ambazo hutakiwi kumgusa hata kidogo. Ya kwanza ni akiwa juu au karibu na nyaya za umeme zilizokatika. Hiyo ni kazi ya shirika la umeme. Ya pili ni ndege anayetetemeka, aliyepinda shingo au anayeyumba bila jeraha, hasa kama kuna ndege wengine waliokufa jirani. Homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 huwapata ndege mbuai wanapokula ndege wagonjwa, na binadamu huweza kuambukizwa.

Ukiambiwa umkamate, anza na boksi. Chagua katoni ambalo atasimama ndani yake bila kuweza kukunjua mabawa. Toboa matundu ubavuni sasa hivi, akiwa bado hajaingia. Tandika kitambaa kisicho na vitanzi vya nyuzi, kwa kuwa taulo la kawaida hunasa kucha. Tundu la waya halifai kabisa: atayapigapiga manyoya ya mabawa hadi yakatike, na manyoya hayo huchukua miezi kuota upya.

Ondoa mbwa na watoto. Vaa glavu nene za ngozi, mikono mirefu na miwani. Watu wengi huogopa mdomo, kumbe silaha yake ni miguu. Akishindwa kukimbia atajilaza chali na kukutupia kucha. Mwendee kutokea nyuma ukiwa na shuka au koti kubwa, umfunike mzima pamoja na kichwa. Giza likishamfunika, wengi hutulia mara moja. Bana mabawa yote mawili ubavuni kwa mikono yako juu ya kitambaa, kisha teremsha mkono ukaishike miguu yote miwili juu kidogo ya vidole. Ukishaishika miguu, umemshika ndege. Mweke mbali na uso na tumbo lako, umwingize katonini, ufunge.

Ikitokea amekubana, usivute mkono. Kano za miguu yake hujifunga zenyewe mguu unapokunjwa, na ndani ya vidole zina vijino vinavyoshikana na ala, yaani mfuko unaozizunguka, hivyo anaweza kubana muda mrefu bila kuchoka. Kadiri unavyovuta ndivyo anavyokaza. Tulia, mwingine aunyooshe mguu wa ndege taratibu. Ukinyooka, vidole hulegea. Aanze kutoa ukucha wa nyuma, ndio ulioingia ndani zaidi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, uende hospitali kwa tundu lolote lililozama, uulizie chanjo ya pepopunda. Jicho likiguswa, usisubiri hata saa moja.

Weka katoni mahali pakavu, pa giza, kimya na penye joto la wastani. Usifungue kila baada ya dakika tano kuangalia. Kwa ndege wa porini sura ya binadamu ni hofu, na hofu peke yake yaweza kumuua aliyedhoofika. Usimpe chakula wala maji. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, na tone unalomdondoshea mdomoni huingia mapafuni kwa urahisi. Aliyekonda kwa njaa akishindiliwa nyama anaweza kufa kwa mlo huo. Mtaalamu ataanza na maji maalumu kwanza.

Aliyenaswa na mshipi wa kuvulia samaki, uzi wa tiara au waya wenye miiba asivutwe. Kata uzi au waya huo pande zote mbili za jeraha, umpeleke na kipande kikiwa mwilini. Aliyegonga kioo anaweza kuonekana amepona baada ya saa moja au mbili za giza. Hata hivyo mimi napendelea aangaliwe na daktari, kwa kuwa ndege anayewinda kwa macho akiwa na damu iliyovilia jichoni ataruka vizuri mbele yako na kufa njaa baadaye. Andika mahali hasa ulipomwokota. Akipona anapaswa kuachiliwa palepale, kwenye eneo lake na mwenza wake. Kuhusu kioo chenyewe, bandika alama upande wa nje, zikiachana sentimita tano hivi. Karatasi moja yenye picha ya mwewe katikati ya dirisha haizuii kitu.

Bundi darini

Watu huhama vyumba kwa sababu ya sauti hii: mkoromo mzito na mfyonzo mrefu usiku kucha juu ya dari. Ni makinda ya bundi yanayoomba chakula. Chini ya tundu utakuta vidonge vyeusi vyeusi, virefu kama kidole gumba. Kivunje kimoja ukiwa umevaa glavu, uone: manyoya ya panya yaliyoshikamana, na ndani yake mafuvu madogo meupe yenye meno ya rangi ya chungwa. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kukimeng'enya. Bundi mmoja hula panya watatu au wanne kwa usiku, yaani zaidi ya elfu moja kwa mwaka, na mwenye makinda huwinda zaidi.

Ndiyo sababu naomba kwa dhati uache sumu ya panya panapoishi bundi. Sumu nyingi za siku hizi, kama brodifacoum, huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akipepesuka mahali pa wazi, na huyo ndiye bundi anayemkamata kwa urahisi. Sumu hubaki kwenye ini la bundi kwa muda mrefu na kujilimbikiza panya baada ya panya, mpaka mkwaruzo mdogo unatosha kumvujisha damu hadi kufa. Tumia mitego ya kubana, uiweke ndani ya visanduku ili isinase ndege, na uzibe mapengo panya wanapopita.

Kama huwezi kuishi na kelele, subiri makinda yatoke. Panapokuwa na panya wengi bundi hutaga mwezi wowote, kwa hiyo usikisie kwa kalenda. Tundika kwanza kisanduku cha kutagia kwenye mti mrefu au ukuta wa nje, wapate pa kwenda. Halafu sikiliza jioni kadhaa mfululizo. Ukimya ukidumu, sokota karatasi uizibe nayo tundu kwa ulegevu. Ikikutwa imesukumwa nje asubuhi, bado kuna mwenyeji. Ikikaa siku kadhaa bila kuguswa, panda na tochi mchana, hakikisha kona zote za dari ni tupu, ndipo uzibe kwa waya imara.